Siku moja maishani mwangu: Alvarinho na samaki wa Matosinhos

Saa tatu asubuhi. Nashuka kwenye metro Matosinhos, mji wa wavuvi unaopakana na Porto, na moja kwa moja naelekea sokoni, kwa kuwa mhudumu wa mvinyo katika mkahawa wa samaki hawezi kupanga chupa kabla ya kujua mashua zimeleta nini. Leo kuna sardini walionona, pweza, na kombe wadogo ambao Wareno huwaita amêijoas. Mpishi mkuu anavitaka vyote vitatu, kila kimoja na mvinyo wake.

Saa nne na nusu. Naweka mezani chupa tatu za mvinyo mweupe wa Vinho Verde, eneo la mvinyo la kaskazini mwa Ureno lililowekewa mipaka mwaka 1908. Moja ni ya zabibu za Loureiro kutoka bonde la mto Lima. Mbili ni za Alvarinho kutoka Monção na Melgaço, kando ya mto Minho unaoitenga Ureno na Hispania: moja changa, nyingine ya miaka mitano iliyokaa kwenye pipa la mwaloni.

Chupa ya Loureiro inanuka katoni iliyoloa. Kizibo kimeuharibu mvinyo, nami naiweka kando na kufungua nyingine. Kisha nageukia Alvarinho changa, ambayo ndiyo kipimo changu cha siku. Nainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, nanusa kabla ya kuizungusha na baada yake: balungi, pichi, ua la mchungwa. Nikiushika mvinyo mdomoni, uchachu unapanda pembeni mwa ulimi hadi mate yanajaa, na hata baada ya kutema inabaki ladha iliyo karibu na chumvi.

Saa tano na nusu. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, maana mvinyo uliosifiwa peke yake unaweza kuanguka mbele ya sahani. Kombe wamepikwa kwa kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na kotimiri, kisha wakakamuliwa limau. Alvarinho ya pipa inafifia papo hapo, kwani chakula chenye uchachu kuushinda mvinyo huufanya uonekane hauna uhai, na mwaloni unabaki mchungu. Loureiro, iliyo nyepesi na yenye harufu ya majani, inashikana na kotimiri vizuri sana. Namwomba mpishi apunguze limau, naye anakubali baada ya kuonja mwenyewe.

Sardini wa kuchomwa ni wa Alvarinho changa, na katika hilo sina shaka. Chumvi ya mawe iliyo juu ya ngozi hulainisha uchachu ili ladha ya tunda ijitokeze, na uchachu nao hukata mafuta ya samaki, kazi ileile ambayo kwetu Tanga tunaiachia ndimu.

Saa saba mchana. Mgeni mmoja anaagiza sardini na mvinyo mwekundu. Namweleza kwamba madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu yanaweza kuingiliana na mafuta ya samaki na kuacha shombo mdomoni, kisha namletea kidogo cha mwekundu na kidogo cha Alvarinho changa apime mwenyewe. Anachagua Alvarinho.

Saa kumi na moja jioni. Napanga friji. Loureiro naiandaa kwa nyuzi 8 hadi 10, Alvarinho kwa 10 hadi 12, na ile ya pipa naitoa mapema zaidi, kwa sababu baridi kali hufunga harufu na mteja analipia kitu asichokipata.

Saa mbili usiku. Wageni wawili kutoka Mombasa wananisikia nikihesabu glasi kwa Kiswahili, na tunaamkiana kwa furaha. Nawaambia kuwa neno mvinyo limetokana na vinho ya Wareno, na meza na mesa yao. Wanaagiza pweza wa kuokwa kwa mafuta ya zeituni mengi, kitunguu saumu na viazi vilivyopondwa kidogo na maganda yake. Nawamiminia Alvarinho ya pipa. Uzito wake unakutana na mafuta bila kumezwa, na ule mwaloni uliokuwa mchungu asubuhi sasa unanukia kama ngozi ya pweza iliyobabuka motoni. Mmoja wao anachovya kiazi chake katika mafuta yaliyobaki, anakunywa, kisha ananyoosha glasi aongezewe.