Pindo na Mji

Kwa kuwa daktari alitupa siku mbili za kupumzika kabla ya vipimo vingine, leo nilimchukua Mama tukaenda kutazama maonyesho ya sari za kufumwa kwa mkono, ambayo hapa Chennai, India, hushamiri wiki chache kabla ya Deepavali, sikukuu ya taa ya Wahindu, wakati kila nyumba inatafuta nguo mpya.

Tulizipita upesi sari za Pochampally, ambazo nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, hata kingo za maua yake zikaonekana kama zimelowa maji. Mama alisimama kwenye hariri za Kanchipuram, mji ulio umbali wa kilomita 70 hivi kutoka hapa. Aliishika moja, mji wake, yaani sehemu ya katikati ya nguo, wa kijani na pindo jekundu lenye zari, akauliza, "Na jina lake liko wapi?" Nikamweleza kwamba sari haina jina kama kanga. Alisikitika kidogo, kisha akapitisha ukucha pale pindo linapokutana na mji, akashangaa kwamba hapakuwa na mshono. Ufumaji huo huitwa korvai: mshindio wa pindo (nyuzi zinazopita kwa upana) hauingii kwenye mji, bali nyuzi za rangi mbili hushikana mstari kwa mstari, kazi ambayo kwa desturi huhitaji watu wawili kwenye kitanda kimoja cha mfumi.

Mimi niliigeuza nguo upande wa ndani, maana nilikwisha kuumwa na nyoka. Wiki ya kwanza tulipofika, duka moja liliniuzia "hariri ya mkono" ambayo uzi wake, nilipouchoma, ulinuka plastiki badala ya kunuka nywele zilizoungua. Mwuzaji wa leo, mwanamke wa makamo ambaye yeye na mumewe ni wafumaji, alielewa wasiwasi wangu bila kuudhika. Alininyooshea ukingo wa sari, akanionyesha vitundu vidogo vilivyoachwa na misumari ya kijiti kinachoitanua nguo ili isijikunje inapofumwa.

Mama, aliyezoea soko la Tanga, akataka bei ipunguzwe kwa nusu. Nilitafsiri kwa aibu, nikianza kwa kumwita yule mwanamke akka, yaani dada mkubwa. Alijibu kwamba sari ile iliwachukua siku 15, na kwamba zari na hariri hununuliwa kabla hata uzi mmoja haujatandikwa. Mama alinyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi mwambie asipunguze, ila na sisi hatuiwezi." Sijapata kumsikia Mama akishindwa kwa adabu namna hiyo.

Tulichoweza kununua ni sari iitwayo kandangi, ya mji wa Karaikudi, pamba nzito yenye miraba ya manjano na nyeusi, na kwa bei iliyoandikwa. Sasa ni usiku, naye ameitandaza kitandani na kuipima kwa mkono wake: dhiraa 12 kamili. Anasema inatosha yeye na dada yangu, kila mmoja apate doti yake, na ameniuliza mara mbili mkasi uko wapi. Umo kwenye mkoba wangu, na mkoba nimeulalia.