Mlingoti wa mita 10 angani
Jamani jana nimezama kwenye michoro ya darubini za eksirei mpaka usingizi ukakimbia 😅 kumbe eksirei ikigonga kioo uso kwa uso hairudi, inapenya au inamezwa tu, so vioo vinalazwa karibu sambamba na miale ili iteleze juu yake kama jiwe linaloruka ruka majini, na vile inapinda kidogo sana inabidi kamera ikae mbali, ndo maana darubini ya Chandra iliyorushwa angani 1999 ina mita kama 10 toka kwenye vioo mpaka kwenye kamera!! Hapo ndo kasheshe ya mainjinia inaanza. Darubini nyingine ya eksirei, NuSTAR ya 2012, roketi yake ilikuwa ndogo, haibebi kitu kirefu hivo, basi wakaukunja mlingoti unaotenganisha vioo na kamera, ukaja kufunguka hukohuko angani, mita 10 nzima. Na bado unapinda kidogo kila ukiingia na kutoka kwenye kivuli cha Dunia, ila hawakuhangaika kuuzuia kabisa, waliweka leza zinapima umesogea kiasi gani halafu picha inasahihishwa kwa hesabu. Mi hiyo ndo imeniua kabisa. Vioo vyenyewe vya NuSTAR, tabaka 133 ndani kwa ndani kwenye kila seti kati ya mbili, hata sijavigusia bado