Kuvu asiyekufa na nyongo ya Vingunguti

Wiki mbili nzima niliamini nimegundua kuvu asiyeuawa na kitu.

Trichoderma huyu nilimtoa kwenye rundo la vumbi la mbao lililooza kule Keko. Lengo: kumpiga taa ya urujuanimno ya nanomita 254 vinasaba vivurugike, halafu kati ya watakaosalia nimsake anayetoa selulasi nyingi zaidi, kimeng'enya kinachokata selulosi kuwa sukari. Ukiua asilimia 90 hadi 99 ya spora, yaani mbegu zake, uko pazuri. Nikapiga dakika 5, 10, 20. Makoloni (madoa ya kuvu yanayoota sahanini) yaleyale. Nikapiga 40. Yaleyale! Usiku nikampigia mwenzangu simu kujitapa.

"Mfuniko ulitoa?"

Sikutoa. Kaka mmoja mzoefu alinisisitizia nisifunue sahani hata sekunde, uchafu utaingia. Sasa mionzi ile haipenyi mfuniko, uwe wa plastiki au wa kioo wa kawaida. Wiki mbili nilikuwa nachoma mifuniko na umeme wa LUKU.

Bila mfuniko, dakika 3 zikawafyeka. (Vaa miwani na glavu. Macho yangu yalikesha kama yametiwa mchanga.) Ila waliobadilika walikuwa haba, kwa kuwa nikishapiga naziacha sahani dirishani. Mwanga, hasa wa bluu, huamsha fundi aliyemo ndani ya kuvu: mimi nachana vinasaba, yeye anashona. Nikazifunika usiku kucha kwa kaniki ya bibi, na chumbani nikaweka taa nyekundu ya kulelea vifaranga, bei yake kama chipsi mayai. Bibi mpaka leo anaitafuta kaniki.

Kilichonitesa ni kutanda. Trichoderma hatulii, siku chache tu sahani nzima ni zulia la kijani, hujui koloni hili linaishia wapi. Nikashauriwa niagize kemikali nje, bei karibu nusu ya posho. Nilishasoma kwamba nyongo ya ng'ombe nayo humbana, basi alfajiri nikaenda machinjio ya Vingunguti na chupa ya maji. Nikapewa bure. Mchinjaji akauliza, "Ya dawa, mwanangu?" Nikaitikia ndiyo, maana kueleza kungenichelewesha. Nilipoichemsha wenzangu wote walihamia nje, lakini kwenye sahani zenye nyongo makoloni yalitoka madogo, yametengana kama vifungo vya shati.

Hapo ndipo rangi nyekundu ya Congo inaponoga. Mwaga kwenye sahani yenye selulosi, subiri, suuza kwa maji ya chumvi: palipoliwa selulosi panabaki duara hafifu. Usibabaike na ukubwa wa duara peke yake. Koloni kubwa kwa kawaida huwa na duara pana. Gawanya upana wa duara kwa upana wa koloni.

Katika makoloni kama 600 nilichagua 11. Kuyapandikiza tena na tena, mengi yakarudia tabia ya mzazi. Namba 47 amefika kizazi cha 10 akitoa selulasi karibu mara mbili ya mzazi.

Najua kwa wakubwa si kitu. Babu wa kuvu wengi wa selulasi viwandani, QM6a, alikutwa akila turubai la jeshi la Marekani Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili, na watu wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walimfikisha kuwa Rut-C30, mjukuu anayetoa selulasi nyingi zaidi, kwa kumvuruga mara tatu mfululizo. Mimi ndiyo kwanza mara moja.

Jumatatu naanza ya pili. Kaniki nimeshaifua.