Siku yetu Edinburgh na mbwa wa jirani

Shangazi alipofika Glasgow kutoka Tanga, wa kwanza kumlaki alikuwa Angus: mbwa mweusi wa jamii ya Labrador, kilo thelathini na ushee, amejilaza sebuleni kama gunia la mkaa. Si wangu. Ni wa bibi wa ghorofa ya chini aliyelazwa kwa operesheni ya nyonga, na nilishamwahidi kumtunzia wiki mbili kabla sijajua tarehe ya tiketi ya shangazi.

Shangazi akabaki mlangoni na begi lake mkononi.

"Mkavu huyo?"

"Mkavu, shangazi."

"Basi akae huko huko. Akilowa, mimi na yeye mbalimbali. Udongo wa kuoshea mara saba nitautoa wapi nchi hii?"

Kwa madhehebu yake ya Kiislamu, mbwa aliyelowa akikugusa ni najisi, na huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo.

Alikuwa na hamu ya kuuona mji mkuu wa Uskoti, na Jumamosi ndiyo siku yangu pekee ya mapumziko. Kumwacha Angus peke yake siku nzima haikuwezekana, maana akiachwa hubweka mpaka mtaa mzima ujue. Tukaenda watatu.

Treni haikunisumbua. Huku mbwa hakatiwi tiketi, na kila abiria anaruhusiwa hadi wawili. Kutoka stesheni ya Queen Street, Glasgow, hadi ya Waverley, Edinburgh, ni kama dakika 50. Nilimlaza Angus dirishani, nikakaa mimi katikati, na shangazi akaweka mkoba wake sakafuni kama kigingi cha mpaka. Kwenye begi langu mlikuwa na chupa mbili za maji, bakuli la plastiki, taulo kuukuu na mifuko ya kinyesi. Mifuko hiyo usiisahau, kwani mbwa akichafua njia nawe ukaondoka zako, faini ni pauni 80. Shangazi aliponiona nimeinama naokota mara ya kwanza, alitazama pembeni.

"Msomi wetu," akasema. "Ndiyo kazi uliyoijia Ulaya."

Tulianzia hapo hapo karibu na stesheni, kwenye mnara wa mwandishi Walter Scott. Una ngazi 287, hatukuupanda. Lakini chini yake Scott ameketi, kachongwa kwa marumaru, na ubavuni pake yupo mbwa wake, Maida. Hatua chache kutoka hapo amesimama David Livingstone. Shangazi alifundisha historia sekondari miaka mingi, akamzunguka kama anayekagua daftari la mwanafunzi.

"Chuma na Susi wako wapi?"

Hawapo. Watu waliosaidia kuubeba mwili wake kutoka Chitambo hadi Bagamoyo hawana nafasi pale. Nikamwambia kwamba Livingstone naye alikuwa na mbwa safarini, jina lake Chitane, aliyezama wakivuka kinamasi mwaka 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Shangazi akamtupia Angus jicho. "Masikini," akasema. Sikujua anamsikitikia yupi.

Ngome ya Edinburgh haipokei mbwa, isipokuwa waliofunzwa kuwasaidia wenye ulemavu. Nililijua hilo mapema, kwa hiyo nilikata tiketi moja tu. Shangazi akaingia, nami nikateremka na Angus kumsubiri kwenye bustani ya Princes Street, upande wa magharibi, kwenye majani mazuri chini ya mwamba. Nikafungua mkate wangu. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tatu, na nilikuwa nimesahau kitu ambacho hata watoto wa Uskoti wanakijua: tangu mwaka 1861, kila siku saa saba kamili mchana, isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, ngome hupiga mzinga. Zamani ulisaidia meli zilizoko kwenye ghuba ya Forth kurekebisha saa zao.

Ulipolia, ulilia juu ya vichwa vyetu. Angus, ambaye jamii yake ilizalishwa kuwafuata wawindaji na kuokota bata waliopigwa bunduki, alirudi kinyumenyume, akainamisha kichwa, na mkanda wa shingo ukabaki mkononi mwangu. Hivi, mtupu, ukining'inia kwenye kamba. Sijawahi kukimbia vile tangu niache shule. Njia ya reli inakatiza bustani ile, na ingawa ina uzio, akili yangu ilikuwa hukohuko relini, na kwa bibi wa watu kitandani hospitalini. Nilimkuta ng'ambo ya chemchemi, amejibana chini ya benchi, na mzee mmoja amemshika sikio moja huku anamlisha kipande cha soseji. Kosa lilikuwa langu. Mkanda ulikuwa umelegea, na ule wa kifuani, usiovuka kichwa, niliuacha nyumbani ukining'inia msumarini.

Shangazi alitoka ngomeni akiwa amechangamka mno. "Nimeurekodi mzinga! Moyo umeniruka!" Nikatazama video yote, nikasifu. Nilifunga ile kamba mafundo mawili, nikanyamaza.

Msikiti Mkuu uko Potterrow, mwendo mfupi kutoka ngomeni. Akaswali adhuhuri, nami nikasubiri na Angus ng'ambo ya barabara, mbali na mlango. Kutoka pale hadi makaburi ya Greyfriars ni dakika chache tu.

Huko ndiko alikozikwa Bobby, kijibwa kilichosemwa kililinda kaburi la bwana wake, John Gray, miaka 14, mpaka kilipokufa mwaka 1872. Sanamu yake ipo nje kwenye kona, na pua yake inang'aa kwa kusuguliwa na wageni, jambo ambalo wenyeji wanaomba lisifanywe. Nilimsimulia shangazi.

"Miaka 14?" Yeye ni mjane. "Mimi nilikaa eda miezi minne na siku kumi, nikaona karne."

Kwenye jiwe la kaburi la Bobby watu huacha vijiti, zawadi ya mbwa kwa mbwa. Sikuwahi hata kumaliza kumweleza. Angus alikwisha chagua kirefu kuliko vyote, akakibana mdomoni na kuanza kuondoka nacho.

"Rudisha!" Shangazi alipaza sauti ile ya darasani. "We mwizi wa makaburini, rudisha!"

Kiswahili hicho Angus hajawahi kufundishwa. Alikidondosha palepale.

Manyunyu yalitukuta tukishuka Waverley. Kwenye treni nilimfuta Angus mgongo, tumbo na miguu yote minne, taulo likawa la kukamua. Shangazi alikuwa amevua viatu, mkoba wake kaupakata, macho yanamfumba. Tulipopita Linlithgow, Angus akanyoosha shingo, akalaza kichwa karibu na soksi zake, nafasi ya vidole viwili hivi.

"Kakauka?" akauliza bila kufumbua macho.

Nikampapasa masikio. "Bado kidogo, shangazi."

"Mfute tena," akasema. Mguu hakuuondoa.