Chuo cha miaka miwili ndicho kilichonifikisha UC Davis

Wadogo zangu mnaoniuliza nimeingiaje UC Davis (kampasi ya Davis ya Chuo Kikuu cha California, UC) mwaka wa tatu moja kwa moja: nilianzia chuo cha jamii hapahapa California. Unasoma huko miaka miwili ya mwanzo kwa ada nafuu mno, kisha unahamia chuo kikuu. Shahada utakayopata ni ileile.

Kazi kubwa ni kuchagua masomo. Kabla ya kila muhula nilikaa na mshauri, tovuti ya ASSIST, inayoonyesha masomo ya chuo cha jamii yanayotambuliwa na vyuo vikuu, iko wazi mbele yetu, tukipitia mstari kwa mstari: hesabu hii Davis wanaitambua, kemia hii mpaka umalize mfululizo wote. Yule mama alishika kalamu nyekundu, na somo lisilohesabika alilikata bila huruma. Mungu ambariki.

Kuna pia mpango wa TAG, yaani uhakika wa kupokelewa unapohamia. Kampasi sita za UC zinakuhakikishia nafasi ukitimiza masharti yao, zikiwemo jumla ya yuniti 60 (vipimo vya masomo uliyomaliza) kwa hesabu ya vyuo vya mihula miwili kwa mwaka na wastani wa alama wanaoutaka. Fomu hujazwa Septemba, mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo.

Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, asishuke chini ya yuniti 12 kwa muhula, na akihama ahakikishe rekodi yake ya viza inahamishiwa chuo kipya ili apate I-20 mpya, yaani hati ya chuo inayothibitisha uanafunzi wake.

Nyumbani wengi wanadhani hivi ni vyuo vya walioshindwa. Inaniuma sana, maana kijana mwenye uwezo anakaa bure akisubiri ufadhili ambao huenda usije. Anayetaka aniandikie, tupitie masomo yake pamoja.