Mwiteni na mama mkwe kliniki

Kwetu Hombolo, Dodoma, mwenye sufuria ni mama mkwe. Vijana wa mjini wanaweza kubisha, lakini njoo huku mwezi wa pili uone nani anapima unga, nani anaamua kuku fulani asiguswe kwa kuwa anaatamia, nani anagawa mboga. Binti aliyeolewa mwaka jana, mwenye mimba ya miezi mitano, haamui hata chumvi. Halafu huyohuyo ndiye anayekalishwa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito na kufundishwa lishe bora.

Mimi ni mama mkwe. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nina shamba la uwele na mtama, mizabibu michache, na mkwe mmoja, mke wa mwanangu wa pili. Mimba yake ya kwanza niliifuatilia kuliko mwenyewe alivyopenda. Nilimsindikiza kliniki, nikakaa benchi la nyuma, na kwa ualimu wangu sikuweza kuacha kusikiliza somo la mwenzangu.

Somo lilikuwa sahihi kabisa. Nesi alitaja matunda, maini, samaki, maziwa, mayai, mboga za majani, akasema mama ale mara nyingi zaidi kuliko alivyozoea. Ukutani palikuwa na chati yenye tufaha jekundu. Tufaha la namna hiyo mimi huliona stendi kuu ya mjini, linauzwa mojamoja kama dawa. Ubuyu haukuwepo kwenye chati, na dirishani mbuyu unaonekana.

Lakini la tufaha ni dogo. Kilichonisumbua ni kwamba somo halikuwa na mwezi. Yaani lingeweza kufundishwa Julai au Februari bila kubadilika neno, na Dodoma Julai na Februari ni nchi mbili tofauti. Mvua yetu ni moja tu, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima tukipata milimita 500 au 600 tunashukuru. Tunavuna Mei na Juni. Kuanzia hapo nafaka ipo, ila kijani kinakauka: mboga ya Septemba ni mlenda mkavu na majani ya kunde yaliyoanikwa. Mvua ikishika, mambo yanageuka. Januari mpaka Machi mlenda mbichi, mgagani, mchicha wa porini na majani ya maboga vimejaa hadi mlangoni, ng'ombe wanakamuliwa, lakini ghala limebaki vumbi na panya. Na ndio msimu wa palizi.

Mkwe wangu alishika mimba wakati wa mavuno. Hesabu mwenyewe. Miezi mitatu ya mwisho, ambayo mtoto anaongezeka uzito kwa kasi, iliangukia palepale kwenye njaa na jembe. Wataalamu wanasema katika miezi hiyo mama anahitaji kama kilokalori 450 za ziada kila siku. Kwa lugha ya jikoni hiyo ni bakuli kubwa la uji mzito uliotiwa karanga, juu ya milo yake ya kawaida. Sasa nyumba nyingi hapa mwezi wa pili zinapunguza mlo, zinatoka mitatu kwenda miwili. Mizani ya kliniki ililiona hilo kabla yetu. Mwanamke mwenye uzito wa wastani hutarajiwa kuongezeka kati ya kilo 11.5 na 16 katika mimba nzima. Wa kwetu mwezi wa Januari alisimama palepale. Namba ikaandikwa kwenye kadi, kadi ikafungwa, akaambiwa arudi mwezi ujao. Nilipouliza kama ni nyingi au ndogo, nikaangaliwa kama mwanafunzi mtukutu.

Kadi ile ina tarehe ya matarajio ya kujifungua tangu hudhurio la kwanza. Basi ushauri uanzie hapo. Mama wa kujifungua Machi aambiwe mwezi wa saba, na mwenye ghala awepo: tengeni debe la mtama na la karanga, lifungwe, lisiuzwe, ni la mwezi wa pili. Wa kujifungua Oktoba aambiwe Aprili, mboga zikiwa bado mbichi: anikeni kivulini, za kutosha mpaka mvua nyingine. Haihitaji fedha ya mfadhili. Inahitaji mtu anayejua kuwa uwele huvunwa lini.

Damu nayo. Alipopimwa wingi wa damu alikutwa na 9.6, na mjamzito akiwa chini ya 11 anahesabiwa ana upungufu. Wala hakuwa wa ajabu: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 57 ya wajawazito nchini wana upungufu huo. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini chuma na foliki asidi, kimoja kila siku. Baada ya muda nikavikuta chini ya godoro, karibu vyote. Kumbe vilimchefua, na alipoona choo kimekuwa cheusi akadhani anaoza tumbo. Hakuna aliyemwambia kuwa choo cheusi ni kawaida, ni chuma kile kisichonyonywa kinatoka. Hakuna aliyemwambia kwamba kikichefua anaweza kukimeza usiku baada ya kula, akalala. Maneno mawili tu. Tulipoyapata kwa mhudumu wa afya wa kijiji, binti alimeza. Kisha mwezi uliofuata vidonge vikawa vimeisha zahanati, tukatumwa duka la dawa, lakini hiyo ni hadithi ya watu wengi.

Siku hizi nasikia habari za kidonge kipya cha mchanganyiko, chenye vitamini na madini 15 kwa pamoja. Kije haraka. Wanasayansi walishajaribu vitamini za ziada kwa wajawazito zaidi ya 8,000 pale Dar es Salaam, matokeo yakatolewa 2007, na watoto wa kuzaliwa na uzito mdogo walipungua. Ila kidonge cha chini ya godoro, kiwe na vitamini 15 au 50, kinanenepesha godoro.

Na kuna chai. Sisi chai ya rangi hatuiachi, asubuhi na viporo, mchana baada ya ugali, mgeni akija. Chai hiyo hushika madini chuma ya kwenye mboga na vidonge yasiingie mwilini. Sikumnyima mkwe wangu chai, ningeonekana mchawi. Nilihamisha saa: chai inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, si pamoja nacho. Mezani nikaweka maji ya ubuyu, maana ubuyu una vitamini C tele, na hiyo hufanya kinyume cha chai, inasaidia chuma cha mlenda na kunde kiingie. Ubuyu tunaouza kwa wenye viwanda vya pipi mjini, wenye rangi nyekundu kama moto, huo siuzungumzii. Nazungumzia unga mweupe wa ndani ya tunda.

Minyoo na malaria hunywa damu hiyohiyo, kwa hiyo dawa ya minyoo, SP (vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria) na chandarua nazihesabu kuwa lishe. Na udongo wa pemba, ule unaouzwa sokoni kwa vipande. Wajawazito wanautafuna kama karanga. Nimeona mabinti wakigombezwa kwa ajili yake mbele za watu. Hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na damu kupungua, na udongo wenyewe unazidi kuizuia. Ukimkuta anatafuna, mpeleke akapimwe damu.

Nikisema karanga, lazima niseme sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na hatujasahau. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa vibaya au kuhifadhiwa na unyevu. Mjamzito akiila inavuka hadi kwa mtoto. Sasa angalia tunavyofanya kila mwaka. Karanga zinachambuliwa barazani. Nono, nzima, nyekundu zinaingia gunia la kupeleka sokoni. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye doa, zinabaki za kusaga mboga ya nyumbani. Humohumo kwenye zilizosinyaa ndimo sumu inamojikusanya zaidi. Na mboga ya karanga anapikiwa nani kwa wingi, kama si mwenye mimba, kwa kuwa tumeambiwa ale karanga? Mimi mbovu nafukia, hata kuku siwapi. Wenzangu wananicheka kuwa pensheni imenilevya.

Unga nao una lake. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani zipo tangu 2011, lakini sisi tunasaga kwenye mashine ya kijiji, na kinachoingia ndicho kinachotoka. Afadhali hapo tusikoboe.

Nije kwenye miiko, maana wasomi wanapenda kuanzia hapo na mimi nimeichelewesha makusudi. Kuna ya mayai, kwamba mtoto atazaliwa kipara. Huo hata bibi zangu walikuwa wakiusema huku wanacheka. Mayai yalikuwa ya kuuza, na mwiko ulisaidia yasiliwe. Lakini kuna mwingine wenye uzito: mjamzito asile sana, mtoto atakuwa mkubwa, atashindwa kutoka. Huu hausemwi kwa kucheka. Unasemwa na wanawake waliowaona wenzao wakifia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda hospitali. Ukimwambia mwanamke huyo “hiyo ni imani potofu”, atakuitikia “sawa mwanangu”, akirudi nyumbani anapunguza ugali wa mkwe wake. Hofu yake ni ya kujifungua. Mjibu hapo: mtaondokaje usiku uchungu ukianza, usafiri wa nani, nauli imewekwa wapi, kituo gani kinapasua. Mimi nilikubaliana na kijana wa bodaboda na mwenye gari mmoja mapema, nikawatangazia majirani. Baada ya hapo hakuna aliyenisumbua kuhusu ukubwa wa mtoto.

Ndiyo maana nasema tuitwe. Baba anaitwa hudhurio la kwanza, anapimwa, anaondoka, tena wengine wanasifiwa kwa kufika tu. Mama mkwe haitwi. Wakati Shirika la Afya Duniani linataka hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12, mabinti wetu wanaficha mimba mpaka ionekane, na wa kwanza kuhisi ni sisi: tunaona nani amekataa harufu ya mboga. Kila miezi mitatu kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Watoto wanapimwa, mabinti wanafundishwa, na sisi tunakaa pembeni chini ya mti tukiangalia viatu vya wageni. Tuulizwe siku hiyo ghala lina nini. Tutajibu, tena kwa urefu.

Mkwe wangu alijifungua mwezi wa tatu, mtoto wa kilo tatu na kidogo. Mkwe wa jirani yangu anatarajia Februari. Nimeshakaa na mama mkwe wake, tumehesabu miezi kwa vidole, tumetazama ghala. Karanga amekubali kuchambua upya, debe amelitenga. Mayai amesema bado anafikiria, na anataka kwanza kujua bei ya sokoni wiki hii.