Gofuni Si Magofu

Mwezi uliopita kijana wa bodaboda alinishusha njia panda, nje kidogo ya mji wa Iringa, nami nikamuuliza kwa nini mahali pale panaitwa Gofuni. Alininyooshea kidole kuta tatu zisizo na paa, zilizozungukwa na mikaratusi, akasema, "Si kwa sababu ya lile gofu, mzee?" Nimelifikiria jibu lake tangu siku hiyo, kwa sababu kwa Kiswahili lina mantiki kamili, na hata hivyo si kweli. Eneo lile halikupata jina kwa kuanguka kwa nyumba. Jina lilikuwapo tangu kuta zile zikiwa zimepakwa chokaa na mbele yake kuna uwanja wa mashimo tisa ya mchezo wa gofu. Ninayajua haya kwa sababu baba yangu alifanya kazi pale tangu utotoni mwake hadi siku lango lilipofungwa.

Sitaitaja klabu ile kwa jina lake rasmi, kwani wapo watoto na wajukuu wa waliohusika ambao hawajaulizwa kama wanapenda kutajwa. Ilianzishwa katika miaka ya kati ya vita vikuu viwili, wakati Wajerumani walioruhusiwa kurudi Tanganyika walipokuwa wakifungua mashamba katika nyanda hizi, na Waingereza kama Lord Chesham walipokuwa wakiwashawishi wenzao waje kulima huku. Vita vilipozuka mwaka 1939, Wajerumani walikamatwa na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na baadaye uwanjani wakatawala Waingereza, pamoja na Wagiriki waliolima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa ndani ya mabani yanayokula kuni usiku na mchana. Uanachama ulikuwa wa Wazungu peke yao, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, au hakuingia kabisa.

Baba alianza kazi ya ukedi, yaani kuwabebea wachezaji fimbo zao za gofu, mwaka 1954, mwaka ambao fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga, na ndivyo anavyouhesabu mpaka leo: fuvu lilikuja katikati ya mwaka, yeye akapata kazi kabla ya mvua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kedi hakuwa mbeba mzigo tu. Alitakiwa kuufuata mpira kwa macho hadi unapotua, kuutafuta majanini, kuishika bendera, kujua upepo unatoka wapi na, ikiwa mchezaji alikuwa mwungwana wa kuuliza, kumshauri achukue fimbo gani. Mpira ulipoelekea walipo watu, alipiga ukelele wa "Foo!", ukelele ambao sisi watoto tuliurithi bila kujua asili yake, tukautumia kuonyana ng'ombe mkali anapokata kamba.

Jambo ambalo baba hachoki kulieleza ni namna sehemu za kumalizia zilivyotengenezwa. Iringa si Mufindi; mvua zikikatika mwezi wa Aprili au Mei, majani hugeuka rangi ya simba hadi Novemba au Desemba, na hapakuwa na maji ya kumwagilia kapeti la majani laini kama lile linaloonekana kwenye televisheni. Kwa hiyo kuzunguka kila shimo walichimba duara, wakalijaza mchanga wa mtoni uliochekechwa, wakauchanganya na oili chafu iliyotoka kwenye matrekta na malori ya tumbaku, ili mchanga usipeperuke na mpira ubingirike sawasawa. Waliziita brauni, kwa rangi yake. Mchanga ukiwa mkavu sana, mpira ulizama. Oili ikizidi, mpira ulitelezeshwa kupita kiasi na viatu vya wageni vikachafuka, jambo lililoleta ugomvi. Wachezaji walipoondoka, kedi alivuta gunia zito akizunguka kutoka katikati kwenda nje, mpaka alama zote za nyayo zifutike. Shimo lenyewe lilikuwa na upana wa milimita 108, kipimo kile kile kinachotumika duniani kote, na baba alikuwa na kijiti alichokikata kwa urefu huo ili kukagua kama kingo hazijamomonyoka. Baba hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne, lakini kwa maoni yangu ile ilikuwa kazi ya fundi, na sijaona mahali popote ambapo mafundi wale wameandikwa.

Jioni, Wazungu walipokuwa wameketi barazani, makedi walicheza wenyewe nyuma ya mikaratusi, peku, kwa fimbo za miti iliyopinda na mipira iliyopasuka. Baba anasema bila kujisifu kwamba wavulana watatu au wanne kati yao wangewashinda wanachama wote.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 sharti la rangi liliondolewa, lakini ada ilibaki ile ile, na seti ya fimbo iligharimu kuliko mshahara wa karani wa miezi mingi. Maofisa wachache wa Kiafrika walijiunga, wakahamishwa vituo, wakaondoka. Hakuna aliyewaza kuwaandikisha makedi. Kisha likaja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, na katika miaka iliyofuata walowezi waliona mwelekeo wa mambo. Mmoja baada ya mwingine waliuza matrekta, wakafunga mabani, wakaenda zao. Wengi husema siasa ndiyo iliyoifunga klabu ile. Siikatai sababu hiyo, ila naamini haitoshi. Klabu za Dar es Salaam, Morogoro, Moshi na Arusha nazo zilipita katika Azimio lile lile na gofu ingali inachezwa huko, na wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii walianza kama makedi. Klabu yetu iliishiwa wanachama ilhali watu wanaoujua mchezo walikuwa wamesimama nje ya lango, wakisubiri kuitwa kubeba mifuko.

Mkutano wa mwisho ulihudhuriwa na watu saba. Baba alikuwa akipanga viti na aliwasikia wakikubaliana kulipa deni la mpishi, kugawana glasi na kumkabidhi mtunza bustani funguo. Makedi hawakuambiwa chochote. Walikuja Jumamosi kama kawaida wakakuta mnyororo. Jengo lilichukuliwa na taasisi moja likawa ghala la mahindi na mbolea, kisha mabati yakaondoka, na ubao mkubwa wa mninga ulioandikwa majina ya mabingwa kwa rangi ya dhahabu ulipasuliwa ukawa milango. Mlango mmoja niliwahi kuuona katika nyumba ya jirani, na herufi zilikuwa bado zinasomeka ukiinamisha kichwa.

Baada ya mazungumzo yangu na yule kijana, nilimchukua baba tukaenda pamoja. Uwanja wote sasa ni mashamba ya watu. Tulimkuta mwenye shamba akipalilia, tukasalimiana, "Kamwene," naye akatueleza, kwa sababu baba aliuliza habari za mahindi, kwamba ana sehemu moja ya mviringo ambayo kila mwaka mahindi yake hunyauka yakiwa yamefika magotini. Ameweka samadi, ameweka mbolea ya dukani, amemwita bwana shamba, na bado. Baba alisogea taratibu kwa fimbo yake, akachimba kidogo kwa ncha, ukatoka mchanga mweusi, mlaini, usio na jiwe hata moja.

"Hii ni brauni ya saba," alisema. "Mchanga huu niliuchekecha mimi."

Mwenye shamba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaweka jembe chini na kumwomba amwonyeshe ya nane ilipo, maana ndugu yake wa upande wa pili naye ana tatizo hilo hilo. Baba aligeuka, akautafuta mkaratusi mmoja kwa macho, akaanza kuhesabu hatua.